Saa Zinazobaki Njiani

Ndugu msomaji, foleni za Dar es Salaam zimekwisha kuandikwa sana, nami sikusudii kukuchosha kwa kukueleza jambo ulilokaa ndani yake juzi. Wachumi huipima foleni kwa mafuta yanayoungua bure. Waajiri huipima kwa wafanyakazi wanaochelewa kuripoti kazini. Katika kurasa hizi za nyumba na jamaa ningependa tuipime kwa kipimo kingine, nacho ni saa ambazo watu wa nyumba moja huonana wakiwa macho. Chukua kipande cha karatasi uandike saa anayoondoka baba, saa anayoondoka mama, saa wanayorudi, na saa wanayolala watoto wadogo. Katika nyumba nyingi za Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara au Bunju hesabu hiyo haijazi hata mistari mitano. Wamo katika jiji hili watoto ambao, tangu Jumatatu hata Ijumaa, humfahamu baba yao kwa kikohozi chake cha alfajiri na kwa viatu vyake vilivyovuliwa mlangoni usiku.

Chanzo chake si siri. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu katika mkoa huu watu wapatao 843,000. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Nyumba zimesogea nje mwaka hata mwaka, zikifuata viwanja vya bei nafuu, ilhali kazi nyingi zimebaki zilipokuwa: Posta, Kariakoo, bandarini na katika viwanda vya kandokando ya Barabara ya Nyerere. Barabara za Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa zote huelekea mahali pamoja kama vidole kwenye kiganja, na Barabara ya Mandela huzikata kwa malori yake yatokayo bandarini. Serikali imejenga madaraja ya juu, la Mfugale pale TAZARA lililofunguliwa mwaka 2018 na la Kijazi pale Ubungo lililofunguliwa mwaka 2021, na hapana shaka makutano hayo yamepata nafuu. Lakini gari lililopata nafuu Ubungo aghalabu hwenda likasubiri mbele kidogo. Mtu mmoja akiwa peke yake ndani ya gari lenye viti vitano anachukua nafasi ya barabara ambayo ingewatosha wenzake wengi waliosimama ndani ya basi, na walio wengi katika jiji letu hawana gari hilo wala hawatarajii kulipata. Basi swali linalozihusu nyumba zetu ni hili: mwananchi asiye na gari apite wapi ili awahi kurudi kwake?

Wazee wetu waliulizwa swali hilo hilo wakati jiji lilipokuwa dogo. Kampuni ya mabasi ya DMT ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 kazi zake zikagawanywa: KAMATA ikachukua safari za mikoani, na UDA, yaani Usafiri Dar es Salaam, ikachukua za mjini. Baba yangu hupenda kuyasimulia mabasi ya Ikarusi yaliyotoka Hungaria, hasa yale marefu yaliyounganishwa katikati, ambayo watu waliyaita kumbakumba. Simulizi zake zina tabia ya kusahau jinsi mabasi hayo yalivyokuwa yakilala karakana kwa kukosa vipuri, na fedha za kigeni za kununulia vipuri hivyo zilivyokuwa adimu. Hata watu wakaanza kupanda magari ya kificho, wakikaa wakitazamana katika mabenchi, ndipo yakapata jina la chai maharage. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu watu binafsi kubeba abiria. Nauli ilikuwa shilingi 5, na kwa kuwa sarafu ya shilingi 5 iliitwa dala, gari likaitwa daladala. Jina limebaki, ingawa sarafu yenyewe leo hainunui hata njiti ya kiberiti.

Daladala limelibeba jiji hili kwa zaidi ya miaka 40, na mwenye kulitukana tu bila kulishukuru ana usahaulifu. Lakini inafaa mzazi aelewe jinsi linavyofanya kazi, maana humo ndimo yalimo maudhi yake yote. Mwenye gari, katika mtindo uliozoeleka, hampi dereva mshahara. Dereva humpelekea mwenye gari fedha maalumu kila siku, ndiyo hiyo iitwayo hesabu. Kinachozidi, baada ya kujaza mafuta, hugawana na konda wake. Siku ya mvua na siku ya jua hesabu haibadiliki. Kwa hiyo dereva hukimbia, hujaza watu hata mlango ukakataa kufungwa, na akiona foleni mbele hukatisha ruti akawashusha abiria njiani. Akichoka humwachia deiwaka usukani. Tabia hizi husemwa kuwa ni ukorofi wa vijana, na ukorofi haukosekani, lakini ungemweka mtu mpole kuliko wote katika hesabu ile ile naye baada ya mwezi mmoja angeanza kukatisha ruti.

Anayeumia kwanza ni mwanafunzi. Mamlaka ya LATRA ilipopandisha nauli Desemba 2023, safari isiyozidi kilomita 10 ilifika shilingi 600 kwa mtu mzima. Mwanafunzi akabaki na shilingi zake 200. Uamuzi huo ni wa huruma kwa mzazi, lakini fidia yake hailipwi na mtu yeyote isipokuwa konda, naye konda ana hesabu ya watu. Nilisoma sekondari kati ya mwaka 2001 na 2004, nikivuka jiji kila siku kwa magari mawili, na nakumbuka vema jinsi tulivyokuwa tukisimama kituoni kumi na watano, sketi za buluu na suruali za kaki, gari likaja lina nafasi na konda akaziba mlango kwa mkono wake: "Madenti wawili tu!" Wavulana waliingia kwa nguvu. Sisi wasichana tulibaki mpaka apatikane konda mwenye moyo, au konda mwenye nia. Makonda wa aina hiyo ya pili tuliwafahamu. Walikuwa na lifti, walikuwa na chipsi, walikuwa na kiti cha mbele, na katika darasa letu wasichana wawili hawakumaliza kidato cha nne kwa sababu ya lifti hizo. Ndugu msomaji mwenye binti, nakuomba usome sentensi hiyo mara ya pili kabla hujaendelea.

Watu wazima nao walibuni mbinu zao. Iliyo maarufu ni kugeuza nalo: abiria wa Posta anapanda gari linalokwenda pembeni ya mji, anakaa nalo hadi mwisho wa safari, kisha anarudi nalo akiwa amekalia kiti chake, amelipa nauli mbili na ametumia saa nzima kwenda asikotaka. Mgeni akiambiwa habari hii hucheka. Mama mwenye miguu iliyovimba kwa kusimama kutwa hacheki.

Katika njia nyingine zilizojaribiwa, ile niliyoipenda kuliko zote ni reli. Oktoba 2012, Dk. Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, zilianza treni za abiria wa mjini: moja kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa kwa reli ya kati, na nyingine ya TAZARA kwenda Mwakanga. Watu hawakusubiri lipewe jina rasmi. Likaitwa treni la Mwakyembe. Nasi wakati huo tulikuwa tumepanga Tabata, na mwanetu wa kwanza alikuwa mchanga wa miezi miwili.

Likizo ya uzazi ilipokwisha nilirudi kazini nikiwa na haki moja ambayo akina mama wengi hawaijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kumruhusu mama anayenyonyesha atumie hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, kumnyonyesha mtoto wake. Ni sheria njema, nayo ilitungwa na watu walioweza kufikiri juu ya mtoto. Tatizo ni kwamba kutoka mjini hadi Tabata, mahali pasipozidi kilomita kumi, daladala lilikuwa likitumia saa moja na nusu jioni, na siku ya mvua saa mbili na zaidi. Niliruhusiwa kutoka mapema, na ruhusa yangu yote ikaliwa pale Buguruni. Maziwa yalinitoka nikiwa nimesimama, nimeshika bomba la juu kwa mkono mmoja na kwa mwingine nimefunika kifua kwa kitenge. Nilipofika, mama mkwe hakunilaumu, alinikabidhi tu mtoto na kusema, "Mwanangu, amelia tangu alasiri, sasa amelala na njaa yake."

Treni lilibadilisha mambo hayo kwa namna ambayo hata leo nikiieleza watu hudhani natia chumvi. Nilipanda Stesheni, nikashuka Tabata Relini, na safari haikuzidi nusu saa kwa kiasi kikubwa. Kasi yake haikuwa ya kusifiwa. Mabehewa yalikuwa makuukuu, watu walijazana hata kwenye vidaraja vya kupandia, na wachuuzi wa karanga walikuwa na miujiza yao ya kupenya. Faida yake kubwa ilikuwa kwamba saa ya kuondoka ilijulikana na saa ya kufika ilijulikana, hivyo mtu aliye nyumbani angeweza kuinjika sufuria jikoni akijua mwenzake atafika lini. Mama mkwe akawa anatoka na mtoto hadi karibu na reli. Na jambo la kutafakari ni kwamba reli ile ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, enzi za Wajerumani. Kwa zaidi ya miaka 100 ilikuwa ikipita kandokando ya wananchi waliokwama barabarani, na ilihitajika uamuzi tu ili iwabebe.

Upungufu wake ulionekana mapema. Treni lilikwenda asubuhi na jioni tu, juu ya reli moja iliyotumiwa pia na treni za mizigo na za bara. Kichwa kimoja kikiharibika, abiria wote waliirudia barabara siku ile ile. Vituo vingine vilikuwa uwanja mtupu, bila paa wala taa, na mwanamke aliyeshuka saa mbili usiku alipita vichochoroni peke yake. Mwaka 2016 liliongezwa treni la kwenda Pugu, na sisi tukahamia Kinyerezi mwaka uliofuata, mbali na njia zote mbili. Naliona reli kuwa somo ambalo jiji hili limelisoma nusu. Tumejenga reli mpya ya umeme iliyowafikisha abiria Morogoro na Dodoma mwaka 2024, jambo la kujivunia. Basi watu wa Buguruni na Karakata wasisahauliwe kwa sababu tu safari yao ni fupi.

Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kubeba abiria Mei 2016, yalileta fikra nyingine: barabara ya basi isiingiwe na gari jingine. Kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani, zilijengwa kilomita zipatazo 21. Dada yangu anayekaa Kimara alikuwa akitumia saa mbili kufika Kivukoni. Katika miezi ile ya kwanza alifika kwa dakika 45, akaanza kupika tena chakula cha jioni kwa mikono yake mwenyewe, na wanawe wakagundua kwamba hapiki vizuri kama walivyodhani. Mipango ya awamu zilizofuata iliwekwa kwa Barabara za Kilwa, Nyerere na Bagamoyo. Lakini mwendokasi ulitufundisha pia kwamba lami peke yake haibebi mtu. Karakana ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde la Mto Msimbazi, bonde ambalo kila mkazi wa Magomeni alijua kuwa hufurika. Mvua za mwaka 2018 ziliijaza maji na kuyaharibu mabasi. Mabasi yakipungua foleni haitoweki. Huhama barabarani ikaingia kituoni, chini ya paa zuri, watu wakiitazama barabara yao iliyo tupu kabisa. Sijui kama kuna kitu kinachomtia mtu hasira zaidi ya hicho.

Wenzetu wa Kigamboni wana bahari. Pantoni la Magogoni huwavusha kwa dakika chache, likiwa zima. Na tangu Daraja la Nyerere lilipofunguliwa Aprili 2016, lenye urefu wa mita 680, mwenda kwa miguu anavuka bila kulipa. Upepo wake ni mzuri. Ila anayeishi ndani kabisa ya Kigamboni bado hupanda gari la kulifikia pantoni na gari la kuliacha.

Imebaki pikipiki. Tangu kanuni za mwaka 2010 ziitambue bodaboda na bajaji kuwa vyombo vya kubeba abiria, nyumba nyingi zimezifanya kuwa ndizo suluhisho, na naelewa kwa nini: zinafika mlangoni, zinapenya katikati ya malori, zinaajiri vijana wetu. Hata hivyo kila asubuhi katika mtaa wetu hupita pikipiki moja yenye watoto watatu wa shule ya msingi, wamepangwa kama nyama kwenye kijiti, na kweli jina lake ni mishikaki. Hakuna hata mmoja mwenye kofia ngumu. Wazazi wao ni watu wazuri, tunasalimiana. Wamelipa kwa mwezi na wameona wamelimaliza tatizo. Mimi nimekwenda wodi ya mifupa kuandika habari zaidi ya mara moja, na kwa hiyo siwezi kuyakubali maelezo ya aina yoyote juu ya mishikaki. Bajaji walau ina paa na viti.

Haya yote yalikuja kukutana mezani kwetu. Mwaka huu mtoto yule aliyekuwa akisubiri karibu na reli ameanza kidato cha kwanza. Alipangiwa shule ya kata, mwendo wa dakika 20 kwa miguu. Shemeji yangu, kwa nia njema, alisema angeweza kutusaidia kumhamishia shule moja ya mjini inayofaulisha vizuri. Mwenzangu alipenda. "Kule kuna maabara, Mama," akaniambia. "Huku kwetu mwalimu wa fizikia ni mmoja kwa shule nzima. Unataka mtoto akose kwa sababu ya barabara?"

Hoja yake haikuwa nyepesi, nami sikuijibu siku hiyo. Nilichofanya ni kukaa na kalamu. Magari mawili kwenda, mawili kurudi, na kusubiri kituoni akiwa amevaa sare: kwa makadirio ya chini kabisa saa tatu kwa siku. Mwaka wa masomo una siku 194. Jumla ni saa 582, yaani zaidi ya siku 24, usiku na mchana, ambazo mtoto wa miaka kumi na mitatu angezipitisha amesimama. Angeamka saa kumi alfajiri. Angekuwa na maabara, naam, na angesinzia ndani yake. Na juu ya hesabu hiyo nikaandika jambo lisilo na tarakimu, habari ya wale wasichana wawili wa darasa langu, ambayo mwenzangu alikuwa hajapata kuisikia. Aliisoma, akaikunja karatasi, akasema, "Basi asome hapa, na hiyo nauli tumlipe mtu amfundishe fizikia."

Ndivyo tulivyofanya. Jumamosi kijana mmoja aliyesomea ualimu huja kuwafundisha, yeye na wenzake wanne wa mtaa wetu, kwa mchango wa nyumba tano. Sisemi kwamba kila nyumba iamue hivyo. Yuko ambaye shule ya karibu yake haina hata mwalimu huyo mmoja, na yuko ambaye kazi yake iko ng'ambo ya jiji na haiwezi kumfuata. Ila nasema saa za njiani ziwekwe katika hesabu tangu mwanzo, sawasawa na ada na sare, mtu anapochagua shule, au kazi, au kiwanja cha kujenga. Kiwanja cha bei rahisi huko mbali hulipiwa kila siku alfajiri.

Na miguu, ndugu msomaji, nayo ni usafiri, ingawa waandaaji wa mipango huikumbuka mwisho. Katika jiji hili hili shirika la Amend limekuwa likiendesha mradi uitwao SARSAI wa kutengeneza njia za watoto waendao shule kwa miguu: matuta, vivuko, vibao, nguzo za kutenganisha njia ya miguu na magari. Ni kazi za gharama ndogo, na mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya WRI ya majiji, ukiyashinda mambo makubwa ya miji mikubwa. Shule yetu haimo katika mradi. Kati ya nyumbani na shuleni iko barabara moja yanakopita malori ya mchanga, nayo haina tuta wala kivuko. Kwa hiyo wazazi tumepanga zamu. Jumanne ni yangu: saa kumi na mbili na dakika ishirini nasimama kandokando ya barabara na kitambaa chekundu, nasubiri lori lipunguze mwendo, nawavusha watoto kumi na wanane, kisha nami naanza safari yangu ya mjini. Barua ya kuomba tuta tuliipeleka katika ofisi inayohusika mwezi wa tatu. Tuliambiwa tusubiri. Ya pili tuliipeleka mwezi wa sita tukaambiwa ile ya kwanza haionekani. Ya tatu imekwenda juzi, na safari hii mwenyekiti wetu wa mtaa ameomba nakala igongwe mhuri wa kupokelewa.